Dawa ilitoka katika damu ya Mkongomani: breveti yake iko kwa nani?

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, neno moja lilisikika Bunia kila mahali, sokoni, kwenye mlango wa hospitali, nyuma ya pikipiki: «Ebola biznesi». Watu waliona magari meupe yakipita, waliona wageni wamejaa hoteli, wakauliza: nani anakula juu ya ugonjwa huu? Swali hilo lilizaa uvumi mwingi, na uvumi uliua, kwa sababu wako waliokimbia matibabu mpaka wakakata roho nyumbani. Lakini ndani ya uvumi mlikuwa na swali moja la haki ambalo halikupata jibu wazi. Dawa na chanjo zilizojaribiwa huku mashariki ni mali ya nani? Na mwenye mali anaweza kuamua nini?

Jibu linapitia kwenye karatasi inayoitwa breveti. Siyo ile breveti ya kumaliza ufundi ambayo vijana wanaitundika ukutani. Hii ni breveti ya uvumbuzi, ile Watanzania wanaita hataza. Duniani kote watu wanabishana juu yake: wamoja wanasema bila breveti hakuna mtu angetafuta dawa mpya, wengine wanasema breveti njo inafunga dawa kwenye sanduku. Mikoa ya mashariki ya Kongo ina sababu nzuri ya kufuatilia mabishano hayo, maana moja ya mifano yake mikubwa ilipita hapa.

Mapatano ya miaka 20

Breveti ni mapatano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anafunua siri yake yote kwa maandishi: kitu kinatengenezwa namna gani, kwa vifaa gani, mpaka mtu mwingine wa kazi hiyo akisoma aweze kukitengeneza. Serikali nayo inampa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuomba, ambamo hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza au kukiuza bila ruhusa yake. Muda ukiisha, kitu kinakuwa cha wote. Siyo jambo la jana: mji wa Venice, kule Italia, uliandika sheria ya namna hii mwaka 1474.

Ili kuelewa kwa nini mapatano haya yalionekana mazuri, mtu afikirie mzee wa miti shamba anayejulikana kijijini kwa dawa yake ya homa ya manjano au ya kuumwa na nyoka. Anachimba mizizi alfajiri peke yake, hamwonyeshi mtu. Kumwonyesha mtu ni kujinyang'anya mkate. Siku anapokufa, dawa inaingia kaburini pamoja naye, na mjukuu anabaki na kikapu kitupu. Breveti ilitungwa ili kuvunja tabia hiyo: sema siri, nasi tutakulinda kwa muda.

Upande mwingine wa mapatano ni bei. Mwenye breveti akiwa peke yake sokoni, anauza kwa bei anayotaka. Waliougua sida kabla ya miaka ya 2000 wanalijua hili vizuri kuliko mwanasheria yeyote. Dawa za kupunguza virusi zilikuwepo tangu 1996, lakini matibabu ya mwaka mmoja yalikuwa ya dola zaidi ya 10,000 kwa mtu mmoja. Februari 2001 kampuni ya Kihindi Cipla ilitangaza kwamba inaweza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Dawa ni ile ile. Iliwezekana kwa sababu sheria ya India ya wakati huo haikutoa breveti kwa dawa yenyewe, ilitoa tu kwa namna ya kuitengeneza. Kati ya bei hizo mbili walilala watu wengi ambao Bunia na Kisangani bado wanawakumbuka kwa majina.

Kwa hiyo mambo yote mawili ni kweli. Sasa Ebola inaonyesha jambo la tatu ambalo halisemwi sana.

Damu ya Kikwit

Mwaka 1976, munganga kijana Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku, katika Équateur ya zamani, kutazama ugonjwa usiojulikana. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Sampuli zikaenda Ulaya, virusi vikatambuliwa huko, vikapewa jina la mto Ebola, na kwa miaka mingi vitabu vilitaja majina ya Wazungu tu. Watu 318 waliugua, 280 walikufa.

Mwaka 1995 ugonjwa uliingia Kikwit. Watu 315 walipatwa, na karibu 8 kati ya 10 walifariki. Muyembe alikuwa huko tena, na alifanya jambo ambalo wenzake wa inje waliliona la hatari: alichukua damu ya watu waliopona, akawaongezea wagonjwa 8. Saba walipona. Wataalamu wengi hawakushawishika, wakasema wagonjwa ni wachache mno kuthibitisha kitu. Ila wazo lilibaki: aliyepona Ebola ana askari ndani ya damu yake, kingamwili, wanaojua sura ya adui.

Mwaka 2006, miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu. Kazi ilifanywa pamoja na INRB ya Kinshasa, taasisi ya Muyembe, na taasisi za afya za serikali ya Marekani, zinazojulikana kwa herufi NIH. Damu ilisafiri. Katika maabara za Marekani na za Bellinzona, Uswisi, watafiti walichagua kati ya askari wengi wa damu hiyo mmoja aliyekuwa mkali kupita wengine, wakampa jina mAb114. Mwaka 2016 walitangaza kwamba nyani walioambukizwa Ebola walipona hata walipopewa dawa siku tano baada ya kuambukizwa.

Ombi la breveti liliandikwa. Safari hii majina ya Wakongomani, likiwemo la Muyembe, yaliwekwa kati ya wavumbuzi. Siyo jambo dogo kwa mtu ambaye mwaka 1976 alitoa damu na jina lake likapotea njiani.

Lakini kuwa mvumbuzi na kuwa na ufunguo ni vitu viwili. Mvumbuzi ni yule aliyebuni. Ufunguo unashikwa na mwenye haki ya kutoa leseni, yaani ruhusa ya kutengeneza na kuuza. Mwezi Desemba 2018, wakati Ebola inawaka Beni na Butembo, taasisi ya Marekani ilitangaza kwamba leseni ya mAb114 imepewa kampuni ndogo ya Miami, Ridgeback Biotherapeutics.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 20 Novemba 2018, jaribio kubwa lilikuwa limeanza. Liliitwa PALM, kwa kifupi cha maneno ya Kiswahili «Pamoja Tulinde Maisha». Wagonjwa 681 waliingia, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kila mmoja alipata moja kati ya dawa nne, kwa bahati nasibu. Agosti 2019 wasimamizi walilisimamisha kabla ya mwisho kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Kati ya waliopewa mAb114, 35 kwa mia walikufa. Kati ya waliopewa dawa ya kampuni ya Kimarekani Regeneron, 33 na nusu kwa mia. Dawa mbili zingine zilikuwa mbali nyuma, karibu nusu ya wagonjwa wake walifariki. Na kwa wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, dawa mbili za kwanza ziliokoa karibu watu 9 kati ya 10.

Desemba 2020 serikali ya Marekani ilikubali mAb114 kuuzwa kwa jina Ebanga. Dawa ya Regeneron, iitwayo Inmazeb, ilikuwa imekubaliwa miezi miwili mbele. Mwaka 2022 OMS ilishauri zote mbili zitumiwe.

Nani alilipa?

Hapa ndipo hoja ya kwamba «bila breveti hakuna uvumbuzi» inapata shida. Breveti inavuta kampuni kwa sababu moja: inaahidi kwamba wanunuzi watakuwepo na hakuna mwingine atawauzia. Mgonjwa wa Ebola ni mnunuzi gani? Ni mama wa Mandima au mchimba dhahabu wa Mongbwalu, na mlipuko unakuja leo, unapotea miaka mitatu. Hakuna soko. Unaweza kumpa mtu haki ya kuwa peke yake kwenye soko lisilokuwepo, hatajenga kiwanda.

Njo maana kazi ya mAb114, tangu damu ya Kikwit mpaka vitanda vya Beni, ililipwa zaidi na fedha za umma: walipa kodi wa Marekani kwa sehemu kubwa, wanganga wa serikali ya Kongo kwa kazi yao, na wagonjwa kwa miili yao. Hata Ridgeback iliendelea kwa msaada wa fedha za serikali ya Marekani. Kampuni ilisema haitafuti faida kwa wagonjwa wa Kongo, na dawa ilitolewa bure.

Haki inadai kusema pia upande wa Regeneron. Dawa yake haikutoka katika damu ya mtu. Ilitoka kwa panya waliobadilishwa mpaka miili yao inatengeneza kingamwili za binadamu. Ufundi huo kampuni iliujenga kwa ajili ya magonjwa yenye wanunuzi tajiri, pumu na magonjwa ya ngozi, na breveti ndizo zilizolinda faida iliyolipa maabara. Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi, mashine ilikuwa tayari, wakaigeuza upande huo haraka. Mtu anayesema breveti hazijaisaidia Ebola hata kidogo anasahau panya hao. Lakini hata Regeneron haikugeuza mashine kwa kutegemea soko la Butembo. Serikali ya Marekani ililipa kazi, na Julai 2020 ikaweka mkataba wa takriban dola milioni 345 wa kununua dawa na kuiweka akiba.

Akiba hiyo iko wapi? Zaidi iko Marekani, maana ilinunuliwa kuilinda Marekani dhidi ya shambulio la virusi. Médecins Sans Frontières, waliotibu wagonjwa katika milipuko hii, wamelalamika kwamba dozi zimelala kwenye ghala za mbali wakati nchi zenye Ebola zinaomba chache chache. Hapo breveti inaonyesha kazi yake ya kweli. Haikuleta dawa, na bei siyo iliyofunga mlango, kwa kuwa mgonjwa halipi. Ila inaamua nani anashika daftari: nani atatengeneza ngapi, lini, na zitakaa katika friji ya nani.

Chanjo iliyolala miaka

Hadithi ya chanjo inachoma zaidi. Ile sindano waliyodungwa watu zaidi ya 300,000 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na kandokando, leo inaitwa Ervebo, na watu wengi wanaijua kama chanjo ya Merck. Haikuzaliwa Merck. Ilizaliwa katika maabara ya serikali ya Kanada, mjini Winnipeg, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyani waliochanjwa walilindwa kabisa, na matokeo yakatangazwa 2005.

Kanada ilichukua breveti, na mwaka 2010 ikatoa leseni kwa kampuni ndogo ya Marekani, NewLink Genetics, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa dawa za kansa. Bei ya leseni: dola za Kanada takriban 205,000. Miaka minne ikapita. Hakuna mtu hata mmoja aliyechanjwa kwa majaribio, na hakuna kampuni nyingine iliyoweza kuingia, maana ufunguo ulikuwa umeshikwa. Mwaka 2014 Ebola ikaingia Guinea, Liberia na Sierra Leone. Novemba mwaka ule, wakati maelfu wamekwisha kufa, NewLink iliipa Merck leseni kwa dola milioni 30 za kuanzia, na zingine milioni 20 baadaye. Mlipuko ule uliisha na wafu zaidi ya 11,300.

Watafiti wa Kanada waliosoma nyaraka za serikali yao, wakiongozwa na mwanasheria Matthew Herder, waliandika mwaka 2020 kwamba karibu kazi yote ngumu ilifanywa na sekta ya umma, hata dozi za kwanza zilizojaribiwa kwa watu zililipwa na Kanada. Kwa maoni yao, leseni kwa kampuni ilichelewesha.

Merck inayo jibu lake. Chanjo katika chupa chache za maabara siyo chanjo ya kuchanja Beni nzima. Kampuni ilitayarisha kiwanda Burgwedel, Ujerumani, ikapita mlima wa karatasi za usalama, na ilitoa dozi za Kongo bila kulipisha. Hayo ni kweli. Novemba 2019 Ulaya iliikubali chanjo, Desemba Marekani. Lakini ukitazama ni nini kiliivuta Merck, breveti siyo ya kwanza kwenye orodha. Kulikuwa na ahadi ya Gavi ya mwaka 2016, dola milioni 5 za mbele ili dozi 300,000 ziwe tayari. Kulikuwa pia na zawadi ya sheria ya Marekani ya 2007: anayeleta dawa ya ugonjwa wa nchi maskini anapata vocha ya kupitisha haraka dawa yake nyingine yoyote, na vocha hiyo inauzika. Katika miaka ile zilikuwa zinauzwa karibu dola milioni 100 moja. Merck ilipata ya kwake. Yaani wenye sheria wenyewe waliona kwamba kwa magonjwa kama haya breveti peke yake haivuti, wakafunga kamba nyingine.

Kosa la miaka ile minne halikuwa breveti yenyewe. Kosa lilikuwa leseni. Kanada ingeweza kuandika ndani yake: kufikia mwaka fulani usipoanza majaribio kwa watu, ufunguo unarudi kwetu. Mtu akikodisha shamba Djugu, mwenye shamba anauliza litalimwa lini. Kwa chanjo ya Ebola, waliokodisha waliridhika na mlimaji aliyekaa miaka minne bila kushika jembe.

Kama breveti ingefutwa kesho

Wengine wanasema: Kongo ivunje breveti hizo, itengeneze yenyewe. Kwa sheria za dunia, inaweza karibu bila kuvunja kitu. Kongo ni memba wa Shirika la Biashara Duniani, OMC, tangu 1997, lakini iko katika kundi la nchi maskini kabisa, na nchi hizo hazilazimishwi kulinda breveti za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033.

Njia hiyo ilishatumika hapa mashariki. Katikati ya miaka ya 2000, Pharmakina ya Bukavu, kampuni inayojulikana kwa miti yake ya kwinini, ilianza kutengeneza tembe za sida zenye dawa tatu ndani, kwa jina Afri-Vir. Kwingine dawa hizo zilikuwa na wenyewe. Bukavu ilizichanganya na kuzifunga bila kuomba ruhusa ya mtu, na haikuwa wizi: kanuni ya nchi maskini iliruhusu. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda nayo ilifungua kiwanda Luzira mwaka 2007 pamoja na Cipla kwa kazi hiyo hiyo.

Tembe inakubali kuigwa. Ni kemia: ukiwa na unga safi, mashine na mtaalamu, unatoa tembe sawa na ile ya kwanza. Ebanga siyo kemia ya namna hiyo. Inatengenezwa na chembe hai, chembe zilizotolewa zamani kwa panya wa China aina ya hamsta, zinazolishwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma yaliyofungwa hewa, joto likipimwa usiku na mchana. Umeme ukikatika saa kadhaa, pipa lote linatupwa. Mtu wa Bunia hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu umeme. Tena maandishi ya breveti yanasema kingamwili ni ipi, hayafundishi mkono wa fundi anayelisha chembe. Ufundi huo kampuni zinaufunga kama siri ya kazi, na siri haina miaka 20. Hapo mzee wa miti shamba amerudi, safari hii amevaa koti jeupe.

Basi kuvunja breveti ya tembe ya sida kulifungua mlango kweli, bei ikaporomoka. Kuvunja breveti ya Ebanga leo kungefungua mlango ambao nyuma yake kuna ukuta. Wanaopigania dawa wanajua hilo, ndiyo sababu siku hizi hawaombi breveti tu, wanaomba na chembe, na mafundisho.

Na mvumbuzi wa huku?

Kuna upande mwingine wa swali unaogusa watu wengi zaidi: je, breveti ingemsaidia fundi wa mashariki? Mfano unaojulikana ni chukudu ya Goma, ile baiskeli ya mbao inayobeba magunia ya viazi, makaa na saruji. Ilitokea wakati wa Mobutu, hakuna aliyeiandikia karatasi, na Goma imeijengea sanamu. Kila fundi aliiga kwa jirani, akaongeza kitu chake: mpira wa gari kuzunguka gurudumu, sehemu ya kuweka goti, breki ya nyuma. Kama mtu mmoja angeshika breveti miaka ile, labda angetajirika. Labda pia chukudu ingebaki ya kwake na ya ndugu zake wawili.

Fundi chuma wa Bunia aliyebuni mashine mpya ya kusaga muhogo angefuata njia gani? Sheria ipo, ni ile ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda. Ombi linapelekwa Kinshasa, kwa wizara ya viwanda, na lazima kuandika maelezo ya kiufundi, kuchora, kulipa, kisha kuendelea kulipa kila mwaka. Akifaulu, breveti inamlinda ndani ya mipaka ya Kongo tu. Fundi wa Arua, mwendo mfupi kutoka Aru, anaiga bila woga. Nchi nyingi za Kiafrika zimeungana ili ombi moja litoshe kwa nchi kadhaa: Uganda, Rwanda, Kenya na Tanzania ziko katika umoja wenye makao Harare, na jirani Brazzaville na Bangui ziko katika ule wa Yaoundé. Kongo haimo kwa wa kwanza wala kwa wa pili. Na akiibiwa hapa hapa Bunia, ni yeye mwenyewe wa kushitaki, kwa gharama yake.

Maarifa ya wazee nayo hayana mlango. Breveti inataka kitu kipya. Dawa ambayo Wambuti wa msitu wa Ituri wanaijua tangu mababu siyo mpya, kwa hiyo hawawezi kuiandikia. Lakini mtu akichuja ile dawa ndani ya jani, akaisafisha na kuipima, hicho alichofanya kinaweza kuhesabiwa kipya. Mkataba wa Nagoya, ambao Kongo imeukubali, unadai mgeni aombe ruhusa na wagawane faida. Unahusu mimea, wanyama na vijidudu. Damu ya binadamu haimo.

Njo maana jambo ambalo Muyembe aliamua mwaka 2019 lina uzito kuliko linavyosikika. Akiwa kiongozi wa INRB na wa mapambano yote dhidi ya Ebola, alisema sampuli za damu za mlipuko ule zitabaki Kongo. Anayetaka kuzichunguza aje achunguzie hapa, na Wakongomani. Alikumbuka Yambuku. Mei 2025 nchi za OMS zilipitisha mapatano mapya ya dunia juu ya milipuko, yakiwa na wazo hilo hilo: anayetoa virusi na damu apate sehemu ya dawa na chanjo zitakazotoka humo. Sehemu ngumu, yaani dozi ngapi, kwa masharti gani, na nani atalazimishwa, iliachwa kwenye kiambatisho cha kuzungumzwa baadaye.

Breveti ya mAb114 itakwisha katikati ya miaka ya 2030. Maabara ya INRB iliyofunguliwa Goma mwaka 2021 inaweza kutambua Ebola katika sampuli kwa saa chache, kazi ambayo mwaka 1976 ilidai ndege mpaka Ubelgiji na wiki za kungoja. Chupa ya dawa, ile inayotakiwa kulala kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bado inakuja kwa ndege.